Walipoifua Masini ya Binti Yangu

Binti yangu aliendelea kuniita baada ya kumzika. Siandiki hivi kumtisha mtu, na hadithi za mizimu sizipendi. Nimeona watu wenye pumzi zao wakifanya mambo yanayotisha kuliko mzimu wowote. Nasema tu lililokuwa. Kila siku saa kumi ya mangaribi, jua likianza kushuka, sauti yake ilitoka juu ya meza ya chumba cha mbele: "Mama, saa imefika. Kunywa dawa." Mimi naacha nilichoshika, nakunywa dawa ya presha, nabonyeza ile butoni ndefu ya chini kabisa, na yeye ananyamaza mpaka kesho.

Masini ilikuwa yake, komputa ile ya kukunja na kufungua kama kitabu, ya zamani, ya aina ambayo watu wachache wanayo hapa kambi ya Nakivale. Yeye alikuwa mtoto wangu wa mwisho. Tulipotoka Kivu ya Kusini, kule Kongo, alikuwa mgongoni mwangu, na hapa ndipo alipopata akili. Mimi shule yangu iliishia fasi ile, mahali mtoto anajua kuandika jina lake na la baba yake. Yeye alijifunza komputa hapa kambini, kisha biro moja, ofisi ya Mbarara, kule Kamukuzi, ikamchukua kazi. Alikuwa anaandika maneno ambayo masini inayafuata. Ndivyo alivyonieleza, na mimi nilimwambia afadhali masini inafuata, kwa sababu watoto siku hizi hawafuati.

Siku moja nilianguka kwenye shamba la maharagwe, huku Juru, upande wetu wa kambi, kwa sababu ya presha. Alikuja kutoka Mbarara na hasira nyingi. Simu, alisema, ninaiacha nyumbani nikienda shamba, na nikiwa nyumbani ninaizima ili kuokoa chaji. Basi akaleta ile masini ya zamani, akaiweka mezani, akaifunga kwenye waya wa sola, akakaa nayo tangu asubuhi mpaka chakula cha jioni kikapoa. Alipomaliza akaniita.

"Mama, hii itakuita. Ukiisha kunywa, bonyeza hapa. Usipobonyeza itajua."

"Itajua nini? Ina macho?"

"Haina macho. Ina mimi."

Alikuwa mtoto wa maneno, huyo.

Ugonjwa wake haukuchukua muda. Ulimkuta Mbarara, akafia hospitali ya kule, tukamleta tukamzika hapa, kwa sababu hapa ndipo tulipo. Siku ya maziko uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wa kanisa walikuwa wanamenya viazi na kuimba polepole. Saa kumi ikafika, na hakuna aliyekuwa amekumbuka masini, hata mimi.

"Mama, saa imefika. Kunywa dawa."

Wimbo ulikatika katikati. Mwanamke mmoja aliangusha kisu. Mzee wa kanisa aliyekuwa ameketi karibu na mlango aliinuka, akabeba kiti chake, akaenda kukaa barabarani. Mimi niliingia, nikanywa dawa, nikabonyeza. Nilipotoka wote walikuwa wananitazama kama mtu aliyetoka shimoni. Nikauliza nani anaangalia sufuria, maana ilikuwa inaungua.

Shemeji yangu, dada ya marehemu mume wangu, alinivuta pembeni. Yeye ndiye shangazi ya binti yangu, na kwetu shangazi ndiye mwenye neno juu ya vitu vya mtoto wa kaka yake.

"Shemeji," alisema, "ule mutoto hajalala."

"Amelala. Nilimulaza mimi mwenyewe."

"Mutu mwenye kulala haiti mama yake. Atakuita, atakuita, siku moja utaitika na kumufuata."

"Ananiita ninywe dawa ili nisimufuate. Wewe haujasikia maneno?"

Akaniacha. Lakini shemeji yangu akiacha neno, analiacha kama moto chini ya majivu ya jikoni.

Sasa nieleze desturi yetu, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya kumaliza matanga, vitu vya marehemu vinafuliwa kabla ya kugawiwa. Si nguo tu. Jembe linafuliwa, kitanda kinafuliwa, radio ya mume wangu tuliipangusa kwa kitambaa cha maji mpaka ikakaribia kufa nayo. Hakuna mtu anayeshika kitu cha marehemu kikiwa bado na jasho lake. Mimi mwenyewe nimefua vitu vya watu wengi, na sioni ubaya. Binti yangu aliacha mtoto mmoja, msichana, aliyekuwa amemaliza sekondari na kukaa na mimi. Masini ilikuwa iende kwake. Tukafua nguo, tukafua viatu na begi, tukaanika kwenye miti ya uzio. Shemeji akasimama mbele ya meza akanyoosha kidole.

"Na hii."

"Shangazi, hii haiingii maji," mjukuu wangu alisema.

"Nani alisema maji? Kila fundi kule Misiera ameandika mulangoni kwamba anasafisha komputa. Basi ifuliwe namna yao."

Mjukuu wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nimechoka na kilio, na desturi ni desturi. Nilisema iende. Yule mtoto alimsihi shangazi wa mama yake jambo moja tu, picha za mama yake zisiguswe, na shemeji akaapa kwamba hazitaguswa. Aliifunga kwenye kitenge, akaibeba mpaka Misiera, kwenye maduka.

Ilirudi ikiwa inang'aa. Picha zote zilikuwepo. Tukaiweka mezani, tukaifunga kwenye sola. Saa kumi ikafika. Ikapita.

Watu wanafikiri nyumba ya kutisha ni ile yenye sauti. Mimi nakwambia sauti haikunitisha hata siku moja. Kilichonitisha ni kile kimya cha saa kumi. Nilikuwa ninajikuta nimeacha jembe, nimenawa mikono, nimesimama mbele ya meza na kikombe cha maji, na masini inanitazama na uso wake mtupu. Ilikuwa imewaka. Ilikuwa na moto wa sola. Haikusema kitu. Siku zingine nilikunywa dawa, siku zingine sikunywa. Sikusahau hata kidogo. Nilikuwa nangoja niitwe. Jua linaingia, maji yako mkononi, na mimi bado nangoja.

Kwenye zahanati muuguzi aliona presha yangu, akanigombeza mbele ya watu kama mtoto aliyekojoa. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pale. Tulipofika nyumbani akavuta kiti, akafungua masini.

"Koko," alisema, maana ndivyo anavyomwita bibi yake, "nitamurudisha."

"Nani?"

"Ile sauti. Nimeshamuzika mama. Sitakuzika na wewe kwa sababu fundi alipangusa masini."

Akafungua ule uso mweusi wenye maandishi meupe, fasi ambayo mama yake alikuwa anaandika maneno yake. Akaandika kitu. Masini ikajibu mstari mmoja wa Kiingereza. Nikamwambia anisomee kwa lugha ya watu.

"Inasema njia ya vyombo inaelekea fasi fulani, na pale hakuna kitu."

"Vyombo gani?"

"Vyombo vya kazi, vya ndani kabisa ya masini. Mutu wa kawaida havioni, havina picha wala butoni. Programu ya mama inavitumia ili kusimama. Masini bado inakumbuka fasi vilikuwa. Inaenda pale, haikuti kitu, inarudi."

Hilo nilielewa bila shule. Tulipofika Uganda waandikishaji wa wakimbizi waliniuliza nyumbani ni wapi, nikanyoosha mkono upande wa kule, nikataja kijiji, mto, na shamba la mihogo. Waliandika yote. Na kile kijiji kilikuwa kimeshachomwa wakati mkono wangu bado uko hewani.

Mjukuu wangu hakukubali upesi kwamba ni vyombo. Hapa Nakivale programu inatembea ndani ya flash. Filamu, nyimbo za kwaya, programu ya kuandikia barua, vyote vinatoka mkono mpaka mkono kama mbegu za maharagwe, na kitu kikikataa tunasema flash ni mgonjwa. Kwa hiyo alitafuta flash ya mama yake ndani ya begi iliyofuliwa, akakuta programu ya sauti imehifadhiwa pale, akaiingiza upya. Masini ikakataa, maneno yaleyale. Akaazima flash ya jirani, akahamisha, akaingiza tena. Ikakataa. Aliendelea hivyo mpaka nikachoka kuangalia.

"Unapanda mara ngapi fasi ambayo haukulima?" nilimwambia. "Masini imekwambia kitu inachokosa. Wewe unaiambia kitu unachotaka. Mutamaliza lini?"

Alinuna. Lakini kesho yake tulienda Misiera pamoja.

Fundi ni Murundi, mtu mzima mwenye tumbo na maneno mengi, anatengeneza simu na radio na kuuza waya. Alipotuona na masini alicheka.

"Mama, karibu! Imechafuka tena?"

"Haisemi. Ulitoa nini ndani?"

"Nilifua kama mulivyotaka. Nilikuta folda moja, nzito! Ilikuwa imekalia masini kama gunia la mahindi juu ya mutoto. Nikaifungua, hakuna picha, hakuna muziki, hakuna hata filamu moja. Maneno matupu na namba. Nikasema, huu ni uchafu wa miaka, nikautupa."

"Ulimuuliza nani?"

"Nimuulize nani, mama? Mwenyewe alikuwa amekufa."

Ilikuwa kweli, alikuwa amekufa, na mtu huyo alilisema kama vile anasema bei ya sabuni.

"Shangazi yake alisimama hapo ulipo," aliendelea kwa sauti ya chini kidogo. "Alisema, toa vyote isipokuwa picha. Na mimi masini za aina hii nazijua kidogo tu, zile zingine ndizo nazijua."

"Basi virudishe," mjukuu wangu alisema.

Akajikuna kichwa. Akachukua flash yetu, akajaribu. Masini ikakataa. Akasema pengine flash yetu ina virusi, akaifua nayo. Hapo nilitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Mwisho akakunja mikono akakubali kwamba hivi havitembei kwenye flash. Programu ya flash inakuja kama mgeni aliyebeba begi lake, lakini vyombo hivi masini inataka kuviita yenyewe kutoka kwenye mtandao, na ni vikubwa. Kwa rezo, huo mtandao wa hapa, alisema, tungekaa mpaka mvua ya pili.

"Nendeni Mbarara," alisema. "Na mama, unisamehe. Nilidhani ninakusaidia umalize matanga."

Tukaenda Mbarara. Sikuwa nimefika kule tangu hospitali. Nilipita na macho yangu chini. Mjukuu wangu aliomba kwa simu kwamba tutumie mtandao wa biro ya mama yake, na wakakubali. Biro iko juu, kwenye kilima cha Kamukuzi, chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya vioo na nyaya kwenye sakafu. Mwanaume mmoja Munyankore, mwenye tai, alikuja mlangoni. Alifanya kazi pamoja na binti yangu. Kiswahili chake ni kile cha askari na soko.

"Nyabo, mama yangu, karibu sana. Pole sana. Sisi hapa bado nalia yeye. Kaa, kaa hapa."

Akanipa kiti cha plastiki. Yeye akakaa kwenye kiti cheusi cha kuzunguka, mbele ya dirisha. Mjukuu wangu akafungua masini mezani kwake. Nilijua bila kuambiwa kile kiti cheusi kilikuwa cha nani.

Kazi haikuwa ya haraka. Masini ilipopata mtandao ikafungua kidirisha na kuuliza kama tunataka ilete vyombo. Mjukuu wangu akakubali. Tukangoja, kikombe changu cha chai kikapoa, kisha kidirisha kikasema vyombo havipatikani kwa sasa. Akakubali tena, ikasema vilevile. Yule mwanaume akainama kutazama.

"Hii masini iko mzee," alisema. "Ile vyombo ya leo nakataa yeye. Lazima tafuta ile ya umri yake."

"Kama mimi na nguo za duka," nilisema, na yeye akacheka mpaka tai ikatikisika. Kisha wakaangalia masini ina umri gani, wakaenda kutafuta kwenye ghala la vitu vya zamani la watengenezaji. Vyombo vya kwanza walivyovileta masini ilivikataa, ikasema ni vipya kuliko yenyewe. Wakashuka nyuma zaidi. Safari hii havikukataliwa. Mstari ukaanza kujaa polepole kwenye kioo, na mimi niliufuata kwa macho kama mtu anayeangalia maji yanavyopanda kwenye ndoo.

Mjukuu wangu aliandika mstari mmoja kwenye uso mweusi. Masini ikamjibu kifupi.

"Inasema nini?"

"Inaonyesha njia ya vyombo, koko. Na safari hii nimeenda pale kuangalia. Viko."

Akaingiza programu ya mama yake, ile aliyoihamisha kwenye flash ya jirani. Maandishi yakapita mengi, haraka, kama siafu wanaohama. Hakuna kilichokataa. Kisha yakasimama.

Wala hakuna aliyetuonya. Binti yangu alikuwa ameiandika hivi: kama masini imelala ikapitisha saa, siku itakayoamka itaita hapohapo. Ilikuwa bado asubuhi.

"Mama, saa imefika. Kunywa dawa."

Watu waliokuwa kule mwisho wa chumba waliinua vichwa. Mjukuu wangu aliweka mikono yote miwili usoni. Mimi nilinyoosha mkono kubonyeza, lakini viwiko vyake vilikuwa juu ya butoni, alikuwa analia, na mimi sikuweza kumsukuma mtoto anayelia. Kwa hiyo hakuna aliyeitika. Tukakaa hivyo muda wa mtu kuchota maji na kurudi.

"Mama, bado?"

Hilo sikuwa nimelisikia kamwe. Sikujua lipo. Tangu alipoiweka ile masini nilikuwa naitika mara ya kwanza, kila siku, kama askari. Mjukuu wangu akatoa mikono usoni.

"Koko," alinong'ona, "ziko zingine. Mama aliweka zingine ndani. Haukuzisikia kwa sababu ulikuwa unabonyeza."

Sasa butoni ilikuwa wazi mbele yangu. Sikuigusa.

"Mama, wacha kubishana na shangazi. Kunywa dawa."

Mle ndani mlikuwa na kicheko, kile chake cha puani. Nyuma yake ilisikika pikipiki inapanda kilima. Na wakati huohuo, nje ya dirisha, pikipiki ilikuwa inapanda kilima. Sijui nisemeje. Si ileile, najua, miezi imepita, lakini ngozi yangu haikujua. Tukangoja tena.

"Mama, hauitiki." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mwenye wasiwasi. "Basi. Nakuja."

Kisha rekodi haikukatika. Alikuwa amejirekodi hapo biro, wakati wa chakula, kabla ya kuniletea masini, na alipomaliza hakuzima mara moja. Tulisikia kiti kikisukumwa nyuma, kinalia kwa chuma chake, *kwiii*. Tulisikia viatu vyake vikitembea kwenye sakafu, kimoja, kingine, vinaelekea mlangoni. Halafu kimya.

Yule mwanaume aliruka kutoka kwenye kile kiti cheusi, na kiti kikarudi nyuma na kulia vilevile, *kwiii*, chuma kilekile. Akakitazama kama kimemuuma.

"Nyabo," alisema, "mimi nakaa kwa hii kiti kila siku."

"Endelea kukaa," nilimwambia. "Ni kiti."

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuka kutazama mlango. Sote tulikuwa tumegeuka.

Nikaomba maji, nikanywa dawa ya siku ile, nikabonyeza.

Tuliporudi Juru habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa miguu gani. Kesho yake, jua lilipoanza kulala, shemeji yangu alikuja. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya chumba na kitambaa chake cha kichwa kimelegea.

"Umemurudisha."

"Nimerudisha vyombo vya masini."

"Usinichezee! Matanga yalikwisha. Tulifua, tukagawa, tukala, tukaomba. Wewe unaenda mupaka Mbarara kumuchimbua mutoto wangu!"

"Mutoto wako? Nani alimubeba mugongoni kuvuka?"

"Na nani alibeba masufuria yenu nyuma? Shemeji, sikiliza. Hauko peke yako mwenye kumulilia. Mimi nikipita hapa mangaribi miguu inakataa. Kila siku ninamusikia. Hata wakati masini ilinyamaza nilikuwa ninamusikia! Nilifikiri ikifuliwa nitalala."

"Ulilala?"

Nilikuwa sijamuuliza jambo hilo hata mara moja.

"Mama, saa imefika. Kunywa dawa."

Akaruka. Nilichukua dawa, nikaiweka ulimini, nikanywa maji mbele yake ili aone. Kisha nikakaa, mikono yangu kwenye mapaja.

"Bonyeza," shemeji alisema. "Umeshakunywa, bonyeza!"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Mwanamuke muzima anakaa na—"

"Mama, bado?"

"Shemeji, ninakuomba. Bonyeza hicho kitu. Unataka nini na mimi? Unafanya makusudi, siku zote wewe unafanya makusudi, tangu kaka yangu alipokuleta kwetu—"

"Mama, wacha kubishana na shangazi. Kunywa dawa."

Mdomo wake ulibaki wazi. Kile kicheko cha puani kilipita kati yetu. Alikaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa kwenye mkeka, kitambaa kikaanguka na hakukiokota. "Alinitaja," alisema. "Amenitaja mimi." Nikamwambia ndiyo, alikuwa anatujua. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kijiko mkononi.

Ile ya mwisho ikaja. Sauti ya wasiwasi, kiti, viatu. Shemeji alinishika mkono, akaukaza mpaka pete yake ikaniuma, na wote watatu tulitazama mlango wa nje mpaka viatu vikaisha. Nje kulikuwa na kuku tu na vumbi la mangaribi.

Hakusema tena habari ya kufua. Siku hizi anakuja mara nyingi saa hiyo, anasema amekuja kuomba chumvi, au kuona maharagwe yangu, kisha anakaa. Wanawake wa kanisa wanasema nyumba yangu si nzuri. Pengine si nzuri. Pasta alikuja akaomba, nikamwitikia amina, na saa kumi ilipokaribia akakumbuka mkutano.

Presha yangu imeshuka. Muuguzi ameacha kunigombeza. Dawa nakunywa akiniita mara ya kwanza, bila kuchelewa hata kidogo, kwa sababu nilimwahidi mjukuu wangu na mimi si mtu wa kucheza na ahadi. Lakini kubonyeza ni jambo lingine. Mtoto ananiambia, "Koko, bonyeza basi, unajua mwisho wake." Ninaujua. Unakwisha kwa viatu, na baada ya viatu hakuna mtu. Bado ninakaa pale, kikombe kitupu mkononi, ninangoja mpaka asukume kiti.